Mafuta ya Alizeti Kwenye Cheni

Kila Jumamosi niliamka kabla mama hajaniita. Nilichota maji, nikafagia uwanja, nikaosha vyombo, kisha nikakaa karibu na simu ya mama kama paka karibu na jiko. Nilikuwa nasubiri sauti ya baba.

Baba yangu, Mselemu, ni dereva wa lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Sisi tunaishi kijijini, kilomita tisa kutoka Shelui, ambako malori husimama. Akirudi kutoka Mwanza hupita siku za shule, lakini akienda hupita Jumamosi. Kila akifika Singida mjini alipiga simu: "Mboni, natoka Singida sasa." Basi mimi nikapanda baiskeli, tukakutana Shelui kwa mama lishe. Muda wetu ulikuwa wa kumaliza sahani moja ya ugali. Baba alikula polepole makusudi, tonge moja analitafuna mpaka linachoka. Siku sita zilizobaki nilikuwa na hamu naye tu, darasani, shambani, hata nikicheza rede.

Mwezi wa saba cheni ya baiskeli ilianza kupiga kelele. Nyumbani kwetu mafuta ya alizeti ni dawa ya kila kitu: midomo iliyopasuka kwa upepo, bawaba za mlango, hata goti la mama. Kwa nini cheni ibaguliwe? Nikachota kikombe kizima kwenye ndoo ya mama, nikamimina kwenye cheni na kwenye friwili, kile chuma chenye meno cha gurudumu la nyuma. Kelele zikaisha. Nikajiona fundi mkubwa.

Wiki tatu baadaye, vumbi la njia yetu na jua vilikuwa vimeyageuza mafuta yale kuwa ulimbo. Jumamosi hiyo, nusu ya safari, pedeli zikaanza kuzunguka bure. Nakanyaga, gurudumu haliendi. Nikashuka, nikaikokota baiskeli huku nakimbia.

Nilipofika Shelui, lori halikuwapo. Mama lishe alikuwa anafuta meza.

"Kaondoka sasa hivi, mwanangu," alisema. "Alikuwa anaangalia njia yako tu, lakini tajiri wake kapiga simu mara tatu. Kasema Jumamosi ijayo usikose. Baada ya hapo wanampeleka njia ya Tunduma, miezi sita."

Miezi sita! Nilikaa kwenye benchi aliyokuwa ameikalia baba, nikalia.

Jumatatu baada ya shule niliikokota baiskeli mpaka kwa fundi Chediel. Tunamwita Baba Hana, kwa sababu binti yake Hana yuko nami darasa la sita.

"Shikamoo, Baba Hana."

"Marahaba. Umeilisha nini hii baiskeli?"

"Oili ya kawaida tu," nilidanganya kwa aibu.

Baba Hana aligusa cheni, akanusa kidole. "Hana, njoo unuse. Hapa si panakaangwa maandazi?"

Hana alicheka mpaka akashika tumbo. "Mboni, umesahau sukari!"

Nikaona bora niseme. Niliwaeleza yote: alizeti, benchi ya Shelui, na Tunduma. Baba Hana akaacha utani.

"Ungeng'ang'ania uongo, ningetafuta ugonjwa usiokuwepo, na Jumamosi yako ingepita," alisema. "Sasa kaa chini. Utaitengeneza mwenyewe, mimi nitaangalia."

"Lakini sijui, Baba Hana!"

"Ndiyo maana nimesema kaa chini."

Jioni nne nilishinda pale. Nilifungua nati za gurudumu la nyuma, nikavua cheni, nikailoweka kwenye kopo la mafuta ya taa. Nilisugua jino moja moja kwa mswaki mkuukuu. Friwili niliisuuza kwa mafuta yale yale ya taa, nikaizungusha mpaka uchafu ukaacha kutoka, ikaanza kulia tik-tik-tik. Kisha Hana akanifundisha kudondosha mafuta ya cherehani, tone dogo kwa kila kiungo, na kufuta yanayobaki. Nilitaka kuongeza.

"Kuwa mchoyo kidogo!" Hana akanipiga kofi mkononi. "Yakizidi yanaita vumbi."

Ijumaa nilirudisha kila kitu mahali pake. Baba Hana alinipa spana ndogo, akasema nitembee nayo.

Jumamosi baba alipiga simu, nami nikaondoka mbio. Kwenye mchanga wa korongo, cheni ikachomoka. Nilitamani kukaa chini nilie, lakini nikainama kuangalia. Nati moja ilikuwa imelegea, gurudumu likasogea mbele. Kosa langu mwenyewe. Nikalivuta gurudumu nyuma, nikairudisha cheni, nikakaza nati zote mbili kwa nguvu zangu zote.

Lori lilikuwapo. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwake, mguu mmoja tayari kwenye ngazi.

"Shikamoo, baba!" nilipiga kelele kabla hata sijashuka.

"Marahaba, mama." Akaja, akaishika mikono yangu iliyokuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. "Hii ni mikono ya utingo. Umefanya nini?"

Nilimweleza yote, pamoja na uongo wangu kwa fundi. Simu yake ililia, akaiacha ilie.

"Mimi kila asubuhi nalala chini ya gari hili nalikagua, hata kama halijalalamika," alisema. "Ndivyo ninavyofika kwako kila wiki. Kitu unachokitegemea, kijue mwenyewe na kitunze kabla hakijaharibika. Na ukikosea, sema mapema, watu wapate kukusaidia. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Nikirudi mwezi wa pili, nitakukuta wapi?"

"Hapa hapa."

"Utakuwa umekuja na nini?"

"Na baiskeli hii hii."

Akanikumbatia, mafuta meusi na yote, akapanda. Lori liliondoka kuelekea Nzega. Nililia, sioni aibu kusema. Kisha nikachuchumaa barabarani, nikajaribu nati moja baada ya nyingine, zote zilikuwa zimekaza, nikaanza safari ya kurudi nyumbani.