Mtoto Niliyemnunua kwa Chumvi

Hapa mtaani Buyenzi asubuhi huanza kwa nyundo. Mafundi wa magari wanagonga vyuma, wanawake wanafagia, chai inachemka. Katika ua wetu palikuwa na sauti nyingine pia. Jirani yangu Assia alikuwa akimwamsha mtoto wake wa miezi mitano.

"Takataka! Takataka yangu, umeamuka?"

Wageni waligeuza shingo. Sisi wa uani tulishazoea.

Mtoto alikuwa na jina lake zuri. Siku ya saba baba yake, Atumani, alimpa jina la Rayan. Akaliandikisha serikalini, na kadi ya kliniki ikaandikwa hivyo hivyo. Lakini jina hilo halikutamkwa nje ya chumba. Bibi Mwantum, mama yake Atumani, alikataza.

Msimcheke bibi. Assia alikuwa amezika watoto wawili. Wote walikuwa na majina mazuri, na wote walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Huyu wa tatu alipozaliwa, Bibi Mwantum alimlaza kwenye ungo, akamweka kando ya jalala. Mimi nilipangwa nipite pale kama mtu asiyejua kitu. Nikamwokota. Nikampa bibi pakiti ya chumvi, nikawa nimemnunua mtoto.

"Sasa iko mutoto ya Lubna," bibi alisema. "Jina yake Takataka. Mauti itapita, itaona ni uchafu tu, itaenda. Akiota meno, tutamurudisha kwa mama yake."

Basi mimi, mshona nguo nisiye na mtoto, nikawa mama kwa pakiti ya chumvi. Nilijisikia mtu wa maana. Tena nilijisikia mjinga. Sikujua lipi ni lipi.

Jumanne moja Rayan aliamka na homa. Hakutaka kunyonya, na mwili wake ulichoma kama birika. Tulikwenda kituo cha afya sisi watatu: mimi, Assia na bibi. Mimi nilimbeba mtoto kwa sababu ndiye "wangu". Assia alitoa kadi mapokezi, kisha akaenda kukaa benchi la nyuma kama mtu tusiyejuana naye. Ndivyo bibi alivyotuagiza.

Tulingoja. Kisha karani akaita:

"Rayan Atumani!"

Nikamtazama Assia. Assia akatazama sakafu. Bibi Mwantum akanifinya goti.

"Rayan Atumani! Yuko wapi?"

Je, niitike mimi? Jina lile mimi sikuruhusiwa kulitamka. Aitike Assia? Yeye si mama tena. Karani aliita mara ya tatu, akairudisha kadi chini ya zile nyingine, akamwita mtu mwingine. Nasi tukakaa kimya, na mtoto anaungua mikononi mwangu. Hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Mtoto akaanza kulegea. Shingo haikusimama tena. Muuguzi mmoja, Mama Léoncie, alikuwa akipita. Akasimama.

"Mutoto wa nani huyu?"

"Wa Lubna," alisema Assia kutoka nyuma.

"Ni we mama yake?" akaniuliza.

"Apana... mi nilimununua."

"Ulimununua? Wapi?"

"Kwenye jalala."

Watu wote wakageuka. Mama Léoncie alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena.

"Mi sielewi. Anaitwa nani?"

"Takataka," alijibu bibi haraka.

"Kadi yake iko wapi?"

Bibi akageukia ukuta. Mama Léoncie akawaka. "Mutoto anakufa hapa mbele yangu, na nyinyi munanichezea! Bila kadi sijui uzito wake, sijui chanjo zake. Mama yake ni nani? Ama niite polisi?"

Hapo Assia alisimama. Bibi alimtikisia kichwa: usiseme. Assia alimwona, lakini alisema.

"Ni wangu! Nilimuzaa mi! Anaitwa Rayan. Rayan Atumani. Kadi iko pale, banaita jina yake toka zamani!"

Alisema kwa sauti kubwa, kisha akaziba mdomo na kutazama mlangoni, kama mtu anayengoja pigo. Hakuna kilichoingia ila upepo.

Mama Léoncie alimchukua mtoto mbio. Walimtoboa kidole, wakapima damu. Ilikuwa malaria. Walimpa dawa papo hapo. Jioni Rayan alianza kunyonya, na Assia alilia waziwazi bila kujificha.

Ndipo Mama Léoncie alipovuta kiti akakaa karibu na bibi.

"Bibi, wale wa kwanza walikufa na nini?"

"Homa. Majina yao yalikuwa mazuri sana."

"Muliwaleta hapa siku ya ngapi?"

Bibi alifikiri. "Wa kwanza, siku ya ine. Wa pili hatukufika."

"Walilala ndani ya chandarua?"

"Chandarua tulikuwa nayo. Tulifunika nayo kuku."

"Yoo! Bibi, mbu haisome kadi. Haiulize mutoto anaitwa nani. Inaona ngozi, inauma. Homa ikianza, mulete siku hiyo hiyo. Dawa mumalize zote, hata akicheka. Na jina iwe moja, kwenye kadi, kwenye karatasi ya serikali, na kwenye midomo yenu. Akiitwa, muitike. Kesho ataenda shule. Wenzake watamuita Takataka, atajibu nini?"

Bibi hakukubali upesi. "Lakini mi mwenyewe niliitwa Jalala mpaka nikaota meno. Niko hapa, nimezeeka. Sasa nilikosa wapi?"

"Ulipona, tunamushukuru Mungu. Ndugu zako je? Wote walipona?"

Bibi Mwantum alishika ncha ya mtandio wake, akaikunja na kuikunjua.

"Nilikuwa na mudogo wangu," alisema mwishowe. "Waliita yeye Mavi. Mavi alikufa na homa." Akamtazama Mama Léoncie kama mtu aliyepotea njia mtaani kwake. "Miaka yote hii, sikufikiria."

Siku ya pili yake bibi aliwatoa kuku ndani ya chandarua. Alikifua mara mbili, akashona matundu kwa uzi alioniomba mimi. Kila magharibi yeye ndiye anayechomeka pembe zake chini ya godoro, na ole wake atakayeacha upenyo.

Mwezi uliofuata tulirudi kliniki kumpima Rayan uzito. Safari hii Assia alimbeba mwenyewe. Kabla hatujatoka, bibi aliniwekea pakiti ya chumvi mkononi.

"Chukua chumvi yako, Lubna. Mutoto namurudisha kwetu. We utabaki mama yake mudogo."

Nilicheka, lakini moyo uliniuma kidogo. Tulipofika, karani akaita:

"Rayan Atumani!"

Assia hakuwahi hata kufungua mdomo. Bibi Mwantum alikuwa amekwisha kusimama, mkono juu, ukumbi mzima unamsikia.

"Yuko! Rayan yuko hapa! Ni mujukuu yangu!"

Rayan alimchekea. Mdomoni hakukuwa bado na jino hata moja.