Mtungi Uliokataa Kuvunjika

"Upige tu kwa upanga," Jagoda alimwambia mgeni. "Usiuonee huruma."

Mgeni, mzee wa kampuni ya kusambaza magemu aliyekuja jijini Katowice, Poland, na wenzake wawili, akabonyeza rimoti ya gemu. Kwenye skrini shujaa wake akainua upanga, akaushusha kwa nguvu juu ya mtungi wa maji uliokuwa mlangoni kwa mjane. Upanga ukapita katikati ya mtungi kama unapita kwenye moshi. Mtungi ukabaki palepale.

"Hebu jaribu tena."

Mzee wa watu akajaribu. Akapiga mtungi, akapiga benchi, akapiga dirisha. Hakuna kilichotikisika. Mmoja wa wenzake akacheka kwa adabu, na kicheko cha adabu kinauma kuliko cha dharau.

Jagoda alihisi uso unawaka moto. Kwa miaka miwili alikuwa anapigania jambo moja tu katika ofisi ile: kwamba ndani ya gemu lao la mashujaa na majoka, vitu vivunjike, na vikishavunjika vibaki hivyo. Ukiuvunja mtungi wa mjane kwa kujifurahisha, basi kesho ukirudi umkute ameinama anaokota vigae, anachota maji kwa viganja. Leo ndiyo ilikuwa siku ya wageni kuamua kama jambo hilo liingie kwenye gemu au lifutwe kabisa.

Na katika jengo zima alikuwepo mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuzima uvunjikaji wote kwa mstari mmoja wa programu. Alikuwa amesimama karibu na mlango na kikombe chake cha bati mkononi, macho kwenye viatu vyake. Huyo ni Tymon, mtu wa Warszawa, mkuu wa waandishi wa programu. Siku tisa baadaye ilikuwa afunge ndoa na Jagoda.

Wageni walipotoka, Jagoda alimfuata jikoni mwa ofisi.

"Umezima wewe?"

"Nimezima mimi."

"Lini?"

"Asubuhi. Nisikilize kwanza, Jagoda. Nimelijaribu gemu mara tano, mara tatu limeganda. Lingeganda mbele yao."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo maana mtu huulizwa kwanza."

Tymon akaanza kumwaga hoja zake. Kila mtungi ukivunjika ni vipande thelathini ambavyo kompyuta lazima ivikumbuke. Mchezaji atavunja ngazi anayoihitaji kupanda, halafu akwame. Watu watashinda siku nzima wanapasua vyungu, joka limesahaulika. Jagoda alizijua zote. Walikuwa wamezibishania kwenye foleni ya duka, kitandani, hata siku ile ya kuvalishana pete, na kila mara waliishia kucheka. Hoja hazikuwa zimemuumiza hata kidogo.

"Ulitaka nishindwe, sema tu."

"Nilitaka usiaibike."

"Basi nimeaibika."

Akaivua pete, akaitumbukiza kwenye kile kikombe cha bati kilichokuwa na chai nusu. Ikalia chini ya kikombe.

"Harusi hakuna," akasema, akatoka.

Mwanamke mwingine angekwenda nyumbani kulia. Jagoda alilia kwenye ngazi, dakika kama nne hivi, halafu akanawa uso na kwenda kugonga mlango wa bosi wao, mzee Wacław. Akamwomba wiki moja.

"Binti yangu, wageni wameshasema hapana," Wacław alimjibu.

"Wamesema hapana kwa mtungi usiovunjika. Uliovunjika hawajauona."

Mzee akainua simu. Alipoiweka chini alimwambia wageni watatazama tena kwa mtandao, Ijumaa ijayo saa nne asubuhi, na kwamba hakutakuwa na mara ya tatu.

Meseji za Tymon zilianza jioni ileile. *Samahani.* Hakujibu. *Naomba tuongee.* Hakujibu. Siku ya tatu ikaja ndefu zaidi:

*Nimewaandikia wale wageni wote, na bosi pia. Nimewaambia kazi yako ilikuwepo na mimi ndiye niliyeizima bila kukuambia.*

Hiyo aliisoma mara mbili. Akajibu: *Sawa.*

*Nikiurudisha uvunjikaji na kutibu kuganda, utaniruhusu?*

*Hiyo ni kazi yako. Usiniletee kama zawadi.*

Wakaanza kufanya kazi kwa meseji, yeye kona ya dirishani, Tymon kona ya mlangoni, kama majirani waliogombana wanaotumia bomba moja. Usiku wa Jumapili Jagoda alikubali kimoyomoyo kwamba kwenye kuganda mwanamume yule hakuwa amedanganya. Vitu elfu nne kuvunjika ni vingi mno. Akavipitia kimoja kimoja na swali moja tu kichwani, hiki ni cha nani? Mawe ya barabarani hayakuwa ya mtu. Kuta za magofu hazikuwa za mtu. Alipomaliza, vilibaki vitu mia tatu.

*Kinachovunjika kiwe na mwenyewe,* alimwandikia. *Vingine vyote viache vizima. Kompyuta itapumua?*

Tymon akajibu:

*Itapumua. Jagoda, hili ni jema kuliko nilivyowahi kufikiria mimi.*

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu avue pete, Jagoda alikula chakula cha mchana hadi akamaliza.

Ijumaa saa nne, mgeni yuleyule alishusha upanga na mtungi ukapasuka. Akacheka, akaenda zake kuwinda, akarudi baada ya siku moja ya gemu. Mjane alikuwa amepiga magoti mlangoni, anakusanya vigae kwenye sketi yake. Mgeni akamsogeza shujaa wake karibu. Halafu akauliza, "Nifanyeje nimletee mwingine?"

Wacław akampigapiga Jagoda mgongoni mpaka akakohoa. Jambo lake limepitishwa.

Alitamani kufurahi, lakini alikuwa na mzigo mwingine unaomsubiri nyumbani kwao, mji wa Rybnik. Hakuwa amemwambia mama yake kwamba harusi haipo. Kila jioni alijiandaa kusema, na kila jioni alimkuta mama Urszula anafunga vipande vya kołocz, ile keki ya harusi, avipeleke kwa majirani. Na kwao mtaani, mkesha wa harusi ni wa kuvunja vyombo. Majirani huja mlangoni kwa bibi harusi na sahani, chupa, hata sinki bovu, wanavipasua vyote kwa ajili ya baraka. Kisha bibi na bwana harusi hufagia pamoja. Asiyetokea kufagia, mtaa utamcheka mpaka azeeke.

Ijumaa hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, majirani wakaja. Bi Truda wa nyumba ya pili alitangulia na kreti zima la sahani. Zikaanza kupasuka mlangoni huku mtu akipiga kodiani. Jagoda akatoka na ufagio, peke yake.

"Bwana harusi yuko wapi?" Bi Truda akauliza. "Au mtu wa Warszawa anaogopa vigae?"

Watu wakacheka. Mama Urszula hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa binti yake ulioshika mpini.

"Jagoda. Pete iko wapi?"

"Kwenye kikombe cha chai, mama."

Kabla mama hajauliza la pili, umati ukapisha. Tymon alikuwa anatembea kwa miguu kutoka stesheni, begani amebeba ufagio mpya ambao hata karatasi ya bei haijabanduliwa. Akasimama mbele ya Jagoda. Kila sahani ilipopasuka alishtuka.

"Nimekuja kufagia," akasema.

"Kwanza niambie ukweli. Si kuganda peke yake kulikokufanya uzime."

Tymon akaushusha ufagio begani.

"Baba alikuwa akilewa anavunja vyombo. Sahani, glasi, vioo vya kabati. Mama alijifungia chumbani, na aliyefagia ni mimi. Asubuhi ile nilimwona mjane wako ameinama anaokota vigae, nikashindwa kumtazama. Nikajiambia sababu ni kuganda."

Jagoda akakumbuka kikombe cha bati, kile kisichovunjika. Miaka mitatu alikuwa anamtania kwacho, anamwita askari jeshi.

"Ungeniambia, Tymon."

"Nilikuwa naona aibu."

"Na leo?"

"Leo naona aibu zaidi. Lakini nimekuja."

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kikombe. Ndani yake pete ilikuwa kavu, imefutwa vizuri.

"Siombi uivae. Nimeirudisha kwa mwenyewe."

Jagoda aliitazama, akamtazama mwenye kikombe. Alikuwa bado na hasira naye, na alikuwa anampenda, vyote kwa pamoja, wala hakuona haja ya kusubiri kimoja kiishe.

"Siku nyingine ukizima kitu changu bila kuniuliza," akasema, "sitaitumbukiza kwenye chai. Nitaitupa mtoni."

Akaivaa. Mama Urszula akashusha pumzi iliyosikika mpaka kwa mpiga kodiani. Bi Truda, ambaye hakuelewa nusu ya maneno yale na hakujali, akampa Tymon sahani moja nyeupe.

"Wewe nawe vunja. Desturi haisemi hivyo, ila nataka nikuone."

"Si lazima," Jagoda akamnong'oneza.

Tymon aliishika sahani kwa mikono miwili. Kisha akaiachia. Ikapasuka juu ya jiwe la mlangoni. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza iwapo kuna mlango utafungwa kwa ndani. Hakuna mlango uliofungwa. Kodiani iliendelea.

Akainama haraka kuokota, kwa mazoea, mikono mitupu. Upande wa pili wa vigae Jagoda alikuwa ameshachuchumaa na kizoleo mkononi.

"Utajikata," akamwambia. "Chukua ufagio, fagia. Mimi nimeshika huku."