Hodi ya Bi Mkubwa

Jino moja la kinanda lilikuwa limebonyea, na hapakuwa na kidole juu yake.

Madoido alilitazama akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa asubuhi, jua limejaa sebuleni, redio ya jirani inabishana juu ya mpira. Plagi ya kinanda ilikuwa imelala juu ya kochi, mbali kabisa na soketi. Lile jino la sauti nene, la mwisho kushoto, lilikaa chini kidogo, kisha likainuka polepole, kwa adabu, likawa sawa na wenzake.

"Springi imelegea," alijiambia, akanywa chai. Chai ikampalia.

Na ilikuwa na haki ya kumpalia, maana huyu bwana alikuwa anajua alichokifanya. Yote yalianza na msiba. Si msiba wa mtu, msiba wa kinanda.

Kinanda chenyewe ni cha aina ile ambayo wapigaji wote wa mjini waliiita Bi Mkubwa. Kila kilipotoka kinanda kipya cha aina nyingine walikikimbilia, wakakichezea wiki mbili tatu, halafu hao wakarudi kwa Bi Mkubwa kuomba radhi. Alikuwa na sauti moja tu iliyowatia wazimu, sauti kama ya mtu anayeimba kafumba mdomo. Ukiipiga arusini, mama wa bibi harusi lazima alie, hata yule ambaye mkwe hamtaki. Basi siku moja habari ikaingia kwenye kundi lao la simu: kiwanda kimesimamisha. Hawatengenezi tena Bi Mkubwa, wala vipuri vyake.

Mwenzangu, walilia! Walijaa kwa fundi wao wa vinanda, wakakaa kwenye mabenchi mikono mashavuni.

"Tumefiwa," alisema mpiga besi.

"Wewe umefiwa na nini?" mwimbaji akamrukia. "Nyuzi zako zinauzwa mpaka kwenye duka la sabuni."

"Nimefiwa na mpigaji wangu. Mtazame Madoido, hata kidevu hakukinyoa."

Madoido hakucheka. Bi Mkubwa wake alikuwa ameanza kukwaruza, ile sauti tamu imekuwa kama ya mgonjwa wa koo, na fundi alishamwambia kwamba kilichoharibika ni ile bodi ya ndani wanayoiita moyo. Bila moyo mwingine hapana kinanda, na bila kinanda hapana Madoido.

Mwimbaji akapendekeza wasimame kimya kumuenzi marehemu. Wakasimama kweli, watu wazima na ndevu zao, vichwa chini. Fundi peke yake aliendelea kulehemu waya wake.

"Alipozikwa Taratibu," alisema bila kuinua uso, "sikumwona hata mmoja wenu."

Vichwa vikazidi kuinama.

"Tulikuwa na arusi, fundi," Madoido akasema. "Arusi haiahirishwi."

"Na kaburi linaahirishwa?"

Huyo Taratibu ndiye aliyemfundisha Madoido kinanda. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukimbilia wimbo. Kabla ya kupiga chochote alilibonyeza jino la mwisho kushoto mara mbili, polepole, du, du, kama mtu aliye mlangoni. Wakimwuliza, anajibu, "Nampigia hodi mwenye nyumba." Mwenye nyumba gani? "Aliyemo. Ana adabu zake, na mimi nina zangu." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye hucheka pamoja nao, lakini hodi haachi.

Basi wenzake walipokuwa bado wamesimama kumlilia Bi Mkubwa, Madoido alikumbuka kwamba Taratibu ameacha Bi Mkubwa mzima nyumbani kwake. Mchana huohuo akaenda kwa mjane.

Mjane alifurahi kumwona. Hakumwuliza mbona hukuja kumzika mwenzako, na hilo lilimchoma kuliko kama angeuliza. Kinanda kilikuwa mezani, kimefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi.

"Shemeji," mjane akasema kwa sauti ya chini, "jioni huwa kinalia chenyewe. Mara mbili tu, kwa upole. Mimi nikiwa jikoni naitika karibu, halafu roho yangu inatulia. Usinicheke."

"Nitakuchekaje? Ngoja nikitazame."

Madoido akachomeka plagi, mgongo wake umemziba mjane asione. Taa zikawaka zote, kinanda kina afya kama ng'ombe wa maziwa. Ndipo kidole chake, kidole kilichofundishwa na mwenye kinanda, kikaizungusha ile swichi ndogo ya sauti mpaka mwisho, ikawa kimya kabisa. Akapiga meno yote kwa mikono miwili, kwa nguvu, tak-tak-tak, plastiki tupu.

"Umesikia? Hakuna kitu. Kimekufa, shemeji."

"Na ile ya jioni?"

"Umeme unabaki ndani, unatoka polepole, kama maji kwenye bomba lililofungwa."

"Kwa hiyo si chochote."

"Si chochote. Niachie nikakuzikie."

Alisema kwa mzaha, ili kumpunguzia majonzi. Mjane akatabasamu, akashika upande mmoja wa kinanda, wakakibeba pamoja hadi mlangoni. Hapo akasema neno ambalo Madoido alitembea nalo njia nzima:

"Haya, mzike, shemeji. Huyu angalau mzike wewe."

Hakuzika kitu. Alimwambia fundi kwamba amekiokota kwa muuza vyuma chakavu, fundi akakipasua, akautoa moyo, akauingiza kwenye kinanda cha Madoido. Mabaki wakayatupa nyuma ya karakana, kwenye rundo la redio mbovu. Na sauti ikarudi! Tamu kuliko zamani. Madoido alicheka peke yake njia nzima.

Ndipo yakaja hayo ya jino kubonyea.

Jioni yake alikuwa kwenye kochi, akijifanya anasoma gazeti. Mkewe jikoni anakaanga viazi. Kinanda kikasema du, du.

"Karibu!" mke akaitika kutoka jikoni, kama mtu yeyote mwenye adabu.

Madoido akashusha gazeti. "Unamkaribisha nani?"

"Si kuna mtu anabisha hodi?"

"Hakuna mtu."

"Basi mwambie huyo hakuna mtu aingie, chakula kinakaribia kuiva."

Pazia la mlango likainuka kidogo, na upepo haukuwepo, kisha likashuka. Mto wa kochi upande wa pili, mkono mmoja tu kutoka alipokaa, ukabonyea katikati, taratibu, kama anapoketi mtu mzito aliyechoka. Kisha ikaja harufu, ya udongo mbichi uliofukuliwa, udongo wa chini ambao haujawahi kuona jua. Harufu hiyo Madoido hakuisikia siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko hakwenda.

"Mke wangu," alinong'ona. "Njoo tukae wote."

"Nina viazi motoni."

"Viache viungue. Njoo."

Mke akaja anapangusa mikono, akaelekea moja kwa moja upande ule uliobonyea. Madoido akamvuta kanga nusu imvuke, akampakata kama bibi harusi wa jana. "Wewe una nini leo?" mke akauliza, lakini akachekelea, na viazi vikaungua kweli.

Jumamosi walikuwa na arusi, ukumbi umejaa, mchana kweupe. Madoido akaweka mikono juu ya meno aanze wimbo wa kuwaingiza maharusi, wimbo wa furaha ambao angeupiga hata usingizini, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, bila yeye kukituma, kikatambaa peke yake mpaka jino la mwisho na kubisha mara mbili, na vidole vingine vikakifuata, baridi, vizito, vikapiga wimbo mwingine kabisa, wa polepole, kwa ile sauti ya mtu aliyefumba mdomo, na yeye akawa anavitazama kama mtu anavyotazama vidole vya mwenziwe, anavivuta havivutiki, na maharusi wakasimama katikati ya ukumbi hawajui wasogee au warudi, na shangazi mmoja mbele akaanza kulia, si kilio cha arusi, kilio cha kuaga, na wa nyuma yake wakapokea, na harufu ile ikapanda kutoka katikati ya meno meupe, na Madoido alipoinama akaona udongo unatoka pale, chembe chembe, mwekundu, unyevunyevu, unajaa chini ya kucha zake zilizokuwa safi alipotoka nyumbani.

Mpiga besi ndiye aliyeing'oa plagi. Wimbo haukukatika mara moja. Ulikwisha wenyewe ulipotaka.

"Hilo ni pigo la Taratibu," mpiga besi alinong'ona. "Ndugu yangu, umefanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Kucha zako mbona hivyo?"

Fundi aliposikia alimpeleka Madoido kwa shangazi yake yeye fundi, mama mmoja mnene aliyesifika kwa kuwatoa watu majini, ambaye walimkuta anakula karanga na kutazama tamthilia. Aliinusa mikono ya Madoido, akapunguza sauti ya televisheni.

"Udongo huu umeuchimba kaburini kwa nani?"

"Sijachimba popote, mama."

"Basi uliahidi kuchimba. Sema."

Akasema, lakini alisema nusu: kwamba alipewa kinanda, kwamba alikipasua. Mama akaendelea kutafuna karanga akimtazama, mpaka nusu nyingine ikatoka yenyewe, na ile swichi ya sauti, na neno la kuzika. Fundi aliposikia kinanda kilikuwa cha nani, alitoka nje akasimama juani.

"Una majini wawili," mama akasema. "Mmoja ni yule wa rafiki yako, aliyekuwa akikaa ndani ya kinanda. Huyo hana neno, anapenda muziki na kuitikiwa. Mrudishe kwa mama yule, atakaa. Wa pili umemwita wewe. Uliposema utazika, wanaokaa makaburini walisikia, na mmoja amekuja kusubiri hicho ulichoahidi kuzika. Huyo hatoki kwa kurudisha kitu. Atatoka ukikaa mbele ya uliyemdanganya, ukamwambia, kwa kinywa hichohicho, nilikudanganya."

"Hakuna dawa, mama? Hata ya kufukiza?"

"Dawa ya uongo? Ningekuwa nayo ningeanza na mume wangu." Akaongeza sauti ya tamthilia. "Na usichelewe. Anaanzia kwenye vidole."

Madoido alibeba kinanda chake mwenyewe, chenye moyo wa Taratibu ndani, akaenda nacho kwa mjane jioni ileile. Njiani alikuwa anarudia: nilikudanganya, shemeji, nilikudanganya. Sentensi fupi. Mtoto mdogo anaweza kuisema.

Akakiweka mezani, akachomeka, akarudi nyuma. Hakuna aliyekigusa. Du, du.

"Karibu," mjane akaitika, na mara uso wake ukafunguka, machozi yakamwagika. Majirani waliokuwa barazani waliingia kutazama, akawaambia huku ameshika kifua: "Mnamwona huyu? Kinanda kilikufa kabisa, mimi mwenyewe nilisikia hakilii. Amekaa nacho mpaka amekifufua. Marehemu alikuwa akisema, huyu mtoto ana moyo mwema ila ana haraka."

Hiyo ya moyo mwema ilimpata Madoido pale penyewe. Alifungua mdomo. Aliona nyuso za majirani, zote zimemgeukia, zote zinampenda.

"Shemeji, siku ile nilikuambia..."

"Uliniambia kimekufa, nami nikaamini! Kumbe hukukata tamaa."

"Ndiyo," akasema Madoido. "Nilihangaika nacho sana, shemeji."

Wakampigia makofi. Mjane akambusu mkono, ule wa kushoto, na kwa sekunde moja akakunja pua kama aliyenusa kitu, kisha akatabasamu.

Alirudi nyumbani mikono mitupu na mepesi. Sebuleni mezani palikuwa na nafasi nyeupe isiyo na vumbi, pale kinanda kilipokaa. Harufu haikuwepo. Akaketi kwenye kochi, akashusha pumzi, akajiambia kwamba atamweleza mjane siku nyingine, wakiwa wawili, bila majirani. Ni lazima atamweleza. Wiki ijayo.

Jikoni mkewe alikuwa anaimba na sufuria zake.

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikasogea. Madoido akakiona kinatambaa juu ya meza, kwenye ile nafasi nyeupe, baridi, udongo umejaa chini ya ukucha. Akakishika kwa mkono wa kulia, akakibana kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, na mkono wa kulia nao ukalegea, ukakiachia.

Kikagonga ubao mara mbili, polepole.

"Usijibu," Madoido akanong'ona, lakini sauti haikufika hata kwenye pazia.

"Karibu!" mke akaitika kutoka jikoni.

Na mto wa kochi, upande wa pili, ukabonyea.