Maji ya Kiwanja cha Sheli

Paskalina alipika wali kwenye kibanda chake pale Lumemo, na kwa wali huo alijidai kwelikweli. Sasa alitaka kujenga mgahawa. Kiwanja alikwisha nunua, mahali palipokuwa na sheli zamani. Kisima alikwisha chimba hapo, na maji yake ndiyo aliyopikia wali. Alisubiri kibali cha ofisi ya mazingira tu.

Siku moja Tamimu, muuza duka, alisukuma sahani pembeni.

"Dada Paskalina, usinikasirikie. Wali wako unanuka mafuta ya taa."

"Acha maneno yako! Maji nimeyachemsha mpaka yametokota."

Lakini alipoonja mwenyewe, aliutema. Alifunga kisima siku hiyohiyo, akaenda ofisi ya mazingira. Njiani aliogopa: nikisema, kibali nitakikosa. Akasema.

Mtaalamu wa maji, Odilia, alifika na wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nilichemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Mafuta si kidudu. Hapa chini kuna matangi ya zamani. Yameliwa na kutu, yanavuja. Mafuta yakifika kwenye maji ya ardhini, yanasafiri nayo."

"Yanakwenda wapi?"

"Hilo ndilo tunalotafuta."

Walitoboa mashimo membamba manne kuzunguka kiwanja. Walijaza maji kwenye chupa, wakazipeleka maabara ndani ya boksi la barafu. Paskalina naye hakukaa. Alipita nyumba kwa nyumba.

"Msinywe maji ya visima mpaka majibu yatoke."

"Makubwa! Kajichongea mwenyewe!" wengine walimcheka. Aliona aibu, lakini hakurudi nyuma.

Majibu yalitoka. Kisima chake kilikuwa na mafuta. Mafuta hayo yalikuwa yakielekea kisimani kwa Bibi Dorika, anayelea wajukuu saba. Yalibakiza hatua ishirini tu.

Mwenye sheli wa zamani aliamriwa afukue matangi na kuondoa udongo mchafu. Maji yalipimwa tena na tena, mwaka mzima. Ndipo kibali kikatoka, kwa sharti moja: mgahawa utumie maji ya bomba.

Siku ya ufunguzi, Bibi Dorika alikishika kibali kwa mikono miwili.

"Kitundikeni ukutani, kila mtu akisome. Huyu asingesema, wajukuu zangu wangekunywa mafuta."

Paskalina alilia mbele ya wateja, wala hakujificha. Alijivunia mgahawa. Alijivunia zaidi kwamba alisema. Kisha alifuta macho, akauliza nani bado hajapata wali.