Gauni Lililofunika Vidole

Majirani wa mtaa wa Kilibula husimulia haya kwa sauti ya chini, kwa sababu wanampenda Léocadie.

Asubuhi hiyo alikuwa anapiga pasi katika nyumba yake ya ushonaji, Léo Couture, redio ikiimba, Victoire alipoingia akicheka kujaribu gauni la arusi yake.

Nani asiyelijua gauni la Léo Couture? Upindo wake huteremka hadi kufunika vidole vya miguu. Maarusi wa nchi jirani huvuka mpaka wa Kavimvira kulifuata. Hawajui kwamba zamani mafundi wa mtaa walishona hivyo kwa maiti tu, ili marehemu asiwaendee wazee wake waliotangulia miguu wazi.

La kwanza lilishonwa na Consolée, mama yake Victoire, aliyemfundisha Léocadie kushika sindano. Alijishonea akiwa mgonjwa, akamwomba mwanafunzi wake amvalishe siku ya kuzikwa. Léocadie alilitamani. Akalificha, akalifumua, akalifanya kielelezo cha kukatia mengine. Jeneza lilikuwa limefungwa, hakuna aliyeona. Jina lake likakua kutoka hapo.

"Iko murefu, mama Léo," Victoire alisema. "Punguza, nitaanguka mbele ya padri!"

Léocadie akapiga magoti, akakata. Upindo ukabaki palepale, juu ya viatu. Akakata tena. Vipande vikajaa sakafuni. Upindo palepale.

"Weye unakata ao unaongeza?"

Redio ikanyamaza. Kitambaa kikawa baridi. Kizito. Kikanuka udongo.

Victoire hakucheka tena. "Mama Léo," alinong'ona akilishika gauni, "kuna muntu anasimama ndani ya robe pamoja na minye."

Aibu ilimchoma Léocadie uso. Angeweza kunyamaza, kama alivyozoea. Lakini huyu alikuwa mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumbeba mgongoni.

"Hii robe nilikata kwa kufuata ile ya mama yako, ya kuzikiwa. Minye nilimuibia."

"Mama alienda na nini?"

"Na robe yake ya kazi, ile mufupi."

"Na miguu?"

Léocadie akainamisha kichwa. "Wazi."

Victoire alilivua gauni polepole, akalikunja, akalikumbatia kifuani. Alitoka bila kuaga.

Pale aliposimama zilibaki nyayo mbili za udongo mwekundu, pana, vidole vyote vikionekana. Victoire hakuwa amevua viatu.

Léocadie amezisugua kwa sabuni. Amemwaga simenti mpya juu yake. Zimepenya, zikapanda tena juu. Wateja hawaambiwi kitu, lakini wanapofika hapo huzunguka kando, kama unavyompisha mtu aliyesimama.