Mgeni Aliyetoka Shimoni

Hope alisogea pembeni mwa kiti, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Unampisha nani?" mama yake, Rosebella, akamuuliza.

"Anko. Ana matope. Hataki kukuchafulia kitambaa."

Rosebella alicheka. Hope alikuwa na miaka minne tu, lakini adabu yake ilisifiwa ploti nzima ya nyumba za kupanga pale mtaa wa Kongo, Kawangware. Aliyebisha hodi, alimwitikia karibu. Aliyeondoka, alimpungia mkono na kumwambia karibu tena. Mama yake ndiye aliyemfundisha.

Kisha kicheko kikamkauka. Kitambaa cheupe cha kiti kilikuwa kimebonyea pale pasipokaliwa na mtu, na nyumba ilinuka udongo mbichi, ilhali mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Ngo. Ngo. Ngo. Chini ya sakafu, mbali, kama nyundo inayogonga mwamba. Halafu kikohozi kikavu cha mwanamume.

Siku ya tatu, Rosebella alitoka kuanika nguo, na aliporudi hakumwona mtoto, akaita, akainama chini ya kitanda, na hapo akamkuta Hope amelala kifudifudi, kucha zikivuja damu, simiti imevunjwa, mkono wake umezama hadi begani ndani ya shimo jeusi, na alipomshika mguu kumvuta alihisi mtu akimvuta upande wa pili, taratibu, bila hasira, kama mwenyeji anayembembeleza mgeni asiondoke mapema.

Alimng'oa kwa nguvu zake zote.

"Anko anasema huko chini ni kukubwa," Hope akanong'ona, meno yakigongana. "Kesho tunaenda kulala huko."

Mumewe, Oluoch, alikuwa amerudi kutoka kwao Migori wiki ileile. Rosebella alimkabili akiwa bado amemkumbatia mtoto.

"Baba Hope, umetuletea nini?"

Oluoch alilitazama lile shimo, akakaa chini.

"Niliingia shimo la zamani la dhahabu. Lile lililofungwa baada ya udongo kufunika watu. Opondo, mchimbaji mwenzangu, alinikataza, nikamwita mwoga. Tochi ikazima, Rose. Nikapotea kabisa. Nikasikia mtu anakohoa. Akanishika mkono, baridi kama maji ya mtungi, akanileta mpaka kwa mwanga. Kugeuka, hakuna mtu."

"Ukamwambia nini?"

"Asante, ndugu. Karibu nyumbani."

Rosebella alitaka kumgombeza, akashindwa. Hata yeye angesema hivyo.

Alimkumbuka Mama Sabah, Mnubi wa Kibera aliyeuza nguo za watoto Soko la Toi, ambaye siku moja ya baridi alimvisha Hope sweta bila kuitisha chochote. Watu walisema anajua mambo ya majini. Mama Sabah alifika alasiri ileile na chetezo chake cha ubani, akilalamikia magoti. Hope alikuwa amesinzia mgongoni mwa mama yake.

"Huyu hafukuzwi," Mama Sabah akasema kwa sauti ya chini. "Alimtoa Baba Hope shimoni, na Baba Hope akamkaribisha. Mgeni anasindikizwa. Wewe kijana, mshukuru, mtangulie mpaka barabarani, usigeuke. Na mtu yeyote asimwambie karibu tena! Nawajua nyinyi. Hata aliyekuja kuwakatia stima mnamwambia karibu tena."

Oluoch alicheka peke yake, kwa sauti kubwa mno.

Ubani ukajaa nyumba. "Ndugu," Oluoch akasema, "asante kwa kunitoa. Twende nikusindikize."

Kikohozi kikajibu. Pazia la mlango likainuka bila upepo, na Oluoch akashika kichochoro akitazama mbele, na nyuma yake nyayo za matope zikajichora moja moja kwenye vumbi kavu, zikipita kwa wauza mboga, zikipita kwa wamama waliokuwa wakisukana na ambao hawakuona kitu, na kwa kila hatua harufu ya udongo ikapungua ndani ya nyumba mpaka ukabaki ubani tu, na Rosebella akavuta pumzi, machozi yakimtiririka.

Mgongoni mwake, Hope aliamka. Alichungulia kichochoroni, akaona anayeondoka, akatoa mkono wenye kucha zilizopasuka na kupunga.

"Bye, anko," akasema. "Karibu tena."

Mama Sabah aliangusha chetezo.

Chini ya kitanda, kwa upole wa mtu mwenye adabu, kukagongwa mara tatu.

"Hodi?"

Hope akafungua mdomo kuitikia.