Mwewe Mwenye Haraka

Kila Jumamosi Bertha alikuwa na kazi mbili: kufagia kwenye mashine ya kusaga ya baba yake mtaani Mazwi, kisha kukimbilia kwa Dada Evodia kabla viti havijajaa. Ya kwanza aliifanya huku amenuna. Ya pili, jamani, hata mbwa wa jirani alishajifunza kumpisha njia!

Dada Evodia alifundisha kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya duka la mitumba. Watoto aliwaruhusu kucheza mchezo wa zamani uliohifadhiwa kwenye disketi. Ukijibu hesabu, kuku anadonoa mahindi. Ukichelewa, mwewe anashuka na kumbeba. Siku hiyo mchana watoto wa mtaa wa Milanzi walikuwa wanakuja kushindana. Mazwi walimtegemea Sayi, rafiki yake Bertha, fundi wa hesabu za kichwa. Lakini kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa, na hii mpya ilikwenda kasi mno kwa mchezo ule.

"Nimeweka programu inayoifanya ijifanye kizee," Dada Evodia aliwaeleza Bertha na Sayi, waliotangulia kufika, akicheka. "Hapa ndipo penye namba ya kasi. Nimeanza chini kabisa, nitapandisha kidogo kidogo. Sayi, twende tukaazime benchi. Bertha, usiguse kitu!"

Bertha akabaki peke yake, akimtazama kuku anavyojikokota. Alikereka. Ile mashine ya kusaga ikizidiwa na mahindi, baba huiongezea mafuta, nayo husaga vizuri. Basi akafungua pale penye namba ya kasi, akaongeza sifuri mbili.

Loo! Kuku hakuwahi hata kunyanyua mguu. Mwewe alipita kama jiwe la manati, spika ikakoroma. Bertha alitaka kurudisha namba ya mwanzo, lakini alikuwa ameisahau. Akaufunga mchezo, akaenda kukaa pembeni.

Dada Evodia aliporudi na Sayi, aliufungua mchezo. Mwewe akambeba kuku. Akaufungua tena, mambo yakawa yale yale.

"Sayi, asubuhi nilikutuma uniletee disketi hii kutoka nyumbani. Njiani uliiweka wapi?"

"Mfukoni, dada."

"Pamoja na nini?"

"Na... bisi kidogo."

"Bisi! Na chumvi yake! Umeniulia disketi, mtoto wewe. Shindano hakuna, na vitu vyangu usiviguse tena!" Akaichomoa disketi, akaitupa kwenye ndoo ya takataka.

Sayi aliinama, machozi yakadondokea kandambili zake. Bertha alimtazama, akaona aibu iliyomchoma hadi masikioni.

"Dada, ni mimi!" alisema kwa sauti kubwa. "Niliongeza sifuri mbili kwenye ile namba. Sayi hana kosa."

Dada Evodia alimkodolea macho. Kisha, badala ya kufoka, akaikimbilia ile ndoo. "Sifuri mbili? Kumbe disketi nzima! Njooni haraka!"

Waliirudisha disketi kwenye kompyuta, wakashusha namba, Sayi akajaribu. Mwewe bado alikuwa na papara. Wakashusha tena, safari hii mwewe akawa kama anasinzia. Wakapandisha kidogo.

"Hapo hapo, dada!" Sayi alipiga kelele. Kuku alidonoa, muziki ukatoka safi kwenye spika, na Bertha akarukaruka kwa furaha. Watoto wa Milanzi nao walikuwa wameshafika mlangoni.

"Sayi, nisamehe, nilikulaumu bure," Dada Evodia alisema. Akamgeukia Bertha. "Umegusa nilichokukataza, kwa hiyo leo utawatazama wenzako wakicheza. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Ukiharibu kitu kisha ukasema ulichofanya, umeshaanza kukitengeneza. Ungenyamaza, ningetupa disketi nzima na kumfukuza mtoto asiye na kosa."

"Nimekuelewa, dada."

Bertha akasimama nyuma ya kiti cha Sayi, akamfokea mwewe kuliko mtu yeyote chumbani. Na kuku wa Mazwi alipomaliza mahindi yote, Sayi aligeuka, akainua kiganja chake, nao wakagonga kwa nguvu.